Tarumbeta la Mzee Mensah

Wapo viongozi, nasi wengine tumo humo humo, wanaoikumbuka bendi ya dansi siku ya sherehe tu. Jukwaa likishapambwa ndipo huulizwa kama wanamuziki wamekwisha kufika; sherehe ikesha, hakuna aulizaye wanaishije. Maisha ya Emmanuel Tettey Mensah wa Ghana yafaa kutazamwa kwa jicho hilo.

Alizaliwa Accra mwaka 1919, zama nchi hiyo ikiitwa Gold Coast. Alijifunza kupuliza filimbi skuli kwa mwalimu Joe Lamptey, kisha akaingia katika okestra ya mwalimu huyo. Muziki wa hailaifu ulikwisha kuzaliwa katika pwani ile, kutokana na bendi za tarumbeta za askari, magitaa ya mabaharia na ngoma za wenyeji. Jina lenyewe, kwa maelezo ya Yebuah Mensah, ndugu yake, lilitoka mitaani. Watu waliosimama nje ya klabu, wasio na kiingilio wala suti, waliwaona waliomo ndani wakizicheza nyimbo za wenyeji kwa mavazi ya Kizungu, wakauita muziki ule "maisha ya juu". Lilikuwa jina la kijembe.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia askari wa Kiingereza na wa Kimarekani walijaa Accra, na Mensah akapiga saksafoni katika bendi ya Jack Leopard, sajini wa Kiskochi. Bendi ya Tempos, aliyoanza kuiongoza 1948, nayo ilianza kwa mchanganyiko wa Wazungu na Waafrika. Wazungu walipokwenda zao, Waafrika wakaishika wenyewe. Okestra kubwa ya kale ikageuka kuwa bendi ya watu wachache. Mpiga ngoma Guy Warren alirudi kutoka London na mapigo ya Kuba na kalipso, nayo yakatiwa ndani. Zaidi ya yote, Mensah aliimba kwa Kitwi, Kiga, Kiewe, Kihausa, na Kiingereza pia. Yule aliyekuwa akichungulia uani akasikia sasa muziki wa klabu ukisema naye kwa lugha yake.

Kuanzia ziara yake ya 1950 huko Nigeria, bendi za Lagos zilibadili mwendo, na wakubwa kama Bobby Benson na Victor Olaiya walichota kwake. Mei 1956 alipiga pamoja na Louis Armstrong mjini Accra. Ghana ilipojitawala, Machi 1957, wimbo wake "Ghana Freedom" ulikuwa sauti ya furaha ya taifa.

Basi huyu aliyeitwa mfalme wa hailaifu alikuwa mfamasia. Kazi ya dawa aliisomea ujanani, na baada ya umaarufu wote ule aliirudia, kwani tarumbeta peke yake halikumtosha kula. Hatusemi kwamba serikali ya Nkrumah iliwapuuza wasanii. Iliziunga mkono bendi kwa dhati, na katika miaka ya 1960 bendi moja iliyotoka Takoradi ilijipa jina la Kiswahili, Uhuru.

Msiba ulikuja baadaye, na khususan watendaji wauangalie. Baada ya mapinduzi ya tarehe 31 Disemba 1981 ilitolewa amri ya kutotoka nje usiku, nayo ikadumu zaidi ya miaka miwili. Bila shaka ilikuwa na sababu zake za usalama. Lakini mwenye bendi hulima usiku, kama mvuvi wa dagaa. Kumbi zilifungwa, vijana wakakosa pa kujifunzia, na wanamuziki wengi wakahamia makanisani au ng'ambo.

Mwaka 1986 sahani zake za zamani zilitolewa upya, na waliozitoa walikuwa kampuni ya London. Mzee alifariki Accra tarehe 19 Julai 1996. Hifadhi ya muziki ambayo mtafiti John Collins, mwandishi wa maisha yake, aliianzisha mjini humo mwaka 1990, iliingiwa na mafuriko Oktoba 2011. Kanda, picha na karatasi nyingi zikaharibika.