Figo Tatu, Moyo Usio na Neva na Kilele cha Uhuru

Je, wajua kwamba mtu aliyepandikizwa figo kwa kawaida hutembea na figo tatu, si mbili? Zile mbili zilizochoka huachwa mahali pake mgongoni, isipokuwa ziwe zimevimba kupita kiasi au zina maambukizi yasiyoisha. Ile mpya huwekwa mbele, chini ya tumbo upande mmoja, karibu na nyonga, kwa sababu hapo mishipa mikubwa ya damu inafikika kwa urahisi na kibofu kiko jirani. Aliyekondeana huweza kuipapasa kwa vidole vyake mwenyewe.

Aliyeitoa hubaki na moja, nayo haikubali kukaa kama nusu ya mzigo. Ndani ya wiki na miezi michache hutanuka, ikachapa kazi hata ikafikia karibu asilimia 70 ya ile iliyokuwa ikifanywa na zote mbili. Ronald Herrick wa Marekani ndiye wa kwanza ambaye figo aliyoitoa akiwa hai ilifanya kazi kwa muda mrefu ndani ya mwingine. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, alimpa figo ndugu yake Richard, pacha wake wa kufanana kabisa, na kwa kuwa miili yao ilikuwa sawa, kinga ya mwili wa Richard haikuiona figo ile kuwa ngeni. Richard alimwoa muuguzi aliyemhudumia hospitalini, wakapata mabinti wawili, akaishi miaka minane zaidi. Ronald aliishi miaka 56 na figo yake moja, akafariki mwaka 2010. Daktari wao, Joseph Murray, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Sasa tuje nyumbani. Mwezi Machi 2022 kundi la watu 22, kila mmoja akiwa ameshatoa figo moja, lilipanda Mlima Kilimanjaro. Walipanga safari ili siku ya kufika juu iangukie tarehe 10 Machi, Siku ya Figo Duniani. Walitaka kumwondolea hofu mtu anayewaza kumpa ndugu yake figo lakini anaogopa kubaki nusu mtu.

Hawakuwa wa kwanza kuufanya mlima wetu chumba cha mtihani. Mapema miaka ya 2000 madaktari wa Leuven, Ubelgiji, waliwapandisha wagonjwa sita waliopandikizwa ini, pamoja na watu wengine wazima 15 wa kulinganisha nao. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2004, yanafurahisha kwa namna yake: asilimia 83 ya wenye ini la kupewa walifika kileleni, na asilimia 84.6 ya wazima. Yaani hakuna tofauti ya maana. Kitu kimoja tu kiliwatenga: walipofika mita 3,950, shinikizo la damu la waliopandikizwa lilipanda kuliko la wenzao.

Mwaka 2017 zamu ilikuwa ya mapafu. Chuo Kikuu cha Tiba cha Vienna, Austria, kilileta watu kumi waliokuwa wakipumua kwa mapafu ya marehemu, na wanane wakafika Uhuru, mita 5,895. Pale juu kila pumzi inabeba karibu nusu tu ya oksijeni mtu anayoipata ufukweni Bagamoyo. Vijana wengi wenye mapafu waliyozaliwa nayo huanza kuona kizunguzungu hata kabla ya Kibo, wakarudishwa chini na waongozaji. Ningependa kujua wapagazi waliowabebea mizigo wale Waaustria walisemaje usiku kambini.

Ila kwangu mimi aliyewashinda wote ni moyo. Mmarekani Kelly Perkins alipandikizwa moyo mwaka 1995, akapanda Kilimanjaro mwaka 2001. Daktari anapopandikiza moyo huunganisha mishipa ya damu, lakini neva zilizokatwa haziunganishwi. Kwa hiyo moyo mpya hausikii amri za ubongo. Ukiwa umepumzika hupiga mara 90 hadi 110 kwa dakika, kwa sababu neva inayoushika breki haipo. Mwenye moyo huo akianza kupanda ngazi, moyo haujui. Unasubiri adrenalini isafiri ndani ya damu hadi iufikie, na hapo ndipo unapoongeza kasi, dakika kadhaa baadaye. Akisimama, unaendelea kukimbia peke yake. Hata maumivu ya kifua, ile kengele ya hatari tunayoijua wote, mara nyingi hayasikiki. Kwa mtu kama huyo, “pole pole” ya waongozaji wa Kilimanjaro ni tiba kamili. Neva nyingine huota tena baada ya miaka, lakini si zote.

Na fedha je, zile zinazochangishwa kwa mbio na kwa kupanda milima? Karibu kila nchi duniani imepiga marufuku kuuza na kununua viungo. Iran ndiyo nchi inayojulikana kuruhusu mtu aliye hai alipwe kwa figo yake chini ya utaratibu wa serikali. Kwa hiyo anayekimbia marathoni kuchangia upandikizaji hanunui figo. Analipia kila kitu kinachoizunguka: vipimo vya kulinganisha damu na tishu, chumba cha upasuaji, nauli na malazi ya ndugu anayetoa, siku ambazo ndugu huyo hatakwenda kazini, na dawa za maisha yote.

Wakati mwingine fedha hulipia foleni yenyewe. Mwaka 1985 huko Bloomington, jimbo la Indiana, Marekani, mtoto mdogo alihitaji ini, na ilitakiwa dola 100,000 kabla jina lake halijaingizwa kwenye orodha ya wanaosubiri. Wakazi wa mji walizikusanya kwa muda usiofika wiki nane. Mtoto akafariki kabla ini halijapatikana. Wakabaki na fedha na msiba, na badala ya kugawana wakaanzisha shirika la kuwasaidia watoto wengine wanaohitaji viungo, ambalo mpaka leo huwafundisha majirani na ndugu namna ya kuchangisha bila kupotezana. Mtu wa Afrika Mashariki aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati ya matibabu ya India anaielewa hadithi hii bila maelezo. Nani hajawahi kuulizwa, baada ya mazishi, zile zilizobaki ziko wapi?

Nchi zilizoendelea zimeigeuza michango ya riadha kuwa mtambo. Katika London Marathon, mashirika ya hisani hununua nafasi za kukimbia, kisha humpa mkimbiaji kwa ahadi kwamba atakusanya kiasi fulani kutoka kwa ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzake. Mwaka 2024 peke yake mbio hizo ziliingiza pauni milioni 73.5 kwa hisani za kila aina, za figo zikiwemo. Huko Kanada, mjini Calgary, hakuna kukimbia: ni kutembea kilomita 100 kwa siku tatu kwa ajili ya wagonjwa wa figo.

Wafaransa wana mbio ninazozipenda zaidi. Tangu miaka ya 1980 timu hupokezana kutoka Paris hadi Les Arcs, milimani Alpi, kilomita zipatazo 750, siku nne na usiku nne bila kusimama, na mojawapo ya timu hizo ni ya watu waliopandikizwa viungo. Njiani watoto wa shule huwapokea na mioyo waliyoichora au kuitengeneza kwa mikono yao. Mbio hizo zinatafuta zaidi mazungumzo ya mezani, baba amwambie mkewe waziwazi kama angependa viungo vyake vitolewe siku akifa. Fedha hukusanywa kwa wiki moja. Ruhusa ya familia yenye majonzi, saa tatu usiku katika korido ya hospitali, haikusanywi kwa harambee.

Neno moja la pembeni, kwa kuwa wapandaji wa hisani wanapita Moshi kila msimu. Kupanda Kilimanjaro hugharimu maelfu ya dola kwa mtu mmoja, ada za hifadhi zikiwemo. Ukiombwa mchango na mpandaji, uliza kwanza kama nauli na ada analipa kutoka mfukoni mwake. Wapo wanaolipa, na wapo ambao mchango wako ndio tiketi yao ya likizo.

Kwetu desturi hii ipo, ila mara nyingi imebaki kwenye moyo na watoto. Nairobi, matembezi ya Mater Heart Run yamewahi kuujaza mji fulana, kila aliyenunua fulana akiwa amechangia upasuaji wa moyo wa mtoto asiye na uwezo. Huo si upandikizaji, ni kuziba matundu na kurekebisha vali, lakini hesabu yake ni ile ile. Upandikizaji wa figo nao umesogea karibu: Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza Novemba 2017 ikisaidiwa na madaktari kutoka India, Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata Machi 2018 kwa msaada wa Wajapani, King Faisal ya Kigali na Mulago ya Kampala zikaingia mwaka 2023. Kila hospitali kama hizi ikianza, bajeti ya kamati ya harambee inapoteza mstari wake mzito kuliko yote, yaani tiketi za ndege na miezi ya kupanga chumba ugenini.

Tuhamie viwanjani. Mashabiki wa Manchester United wa umri fulani watamkumbuka Andy Cole na makombe matatu ya 1999. Mwaka 2017 alipandikizwa figo aliyopewa na mpwa wake, na mwaka 2020 akaanzisha mfuko wenye jina lake ndani ya shirika la utafiti wa figo la Uingereza. Ivan Klasnić wa Kroatia alifanya zaidi ya hapo uwanjani: alipandikizwa mwaka 2007, na mwaka 2008 akafunga bao katika Kombe la Mataifa ya Ulaya.

Lakini Beijing 2015 ndiyo ya kusimulia. Ni mashindano yale ya dunia ya riadha ambayo Kenya iliongoza jedwali la medali na Julius Yego akatupa mkuki hadi dhahabu. Katika uwanja huo huo Mmarekani Aries Merritt, mwenye rekodi ya dunia ya mita 110 kuruka viunzi, alichukua shaba huku figo zake zikifanya kazi chini ya asilimia 20. Siku nne baadaye alikuwa kitandani, akipokea figo ya dada yake.

Figo, kwa taarifa yako, haichuji damu tu. Ndiyo inayotengeneza erithropoietini (EPO), homoni inayoamuru uboho uzalishe chembe nyekundu za damu. Figo zikifa, damu hupungua, mgonjwa akachoka hata kabla ya kuamka. Dawa ya EPO, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989, ilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa hao hao. Ni dawa hiyo hiyo iliyowafungia nje wakimbiaji kadhaa wa Bonde la Ufa waliotaka damu nzito bila kuugua. Kwa hiyo mwanariadha aliyepandikizwa, akitaka kushindana na watu wazima, hulazimika kuomba kibali cha matibabu, kwa sababu baadhi ya dawa zinazomweka hai, zikiwemo steroidi za kumeza, zimo katika orodha ya marufuku.

Mashindano ya dunia ya waliopandikizwa viungo yalianzishwa na daktari wa upasuaji Maurice Slapak, mjini Portsmouth, Uingereza, mwaka 1978, yakiwa na washiriki wapatao mia moja. Yalifika Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2013, Durban. Wale wa Portsmouth walikimbia kwa dawa za kizamani za kutuliza kinga ya mwili, azathioprini na steroidi, maana siklosporini, iliyobadilisha kila kitu, ndiyo kwanza ilikuwa ikijaribiwa kwa binadamu na Roy Calne kule Cambridge, mwaka huo huo. Siklosporini ilitoka kwa kuvu aliyepatikana katika udongo wa nyanda za juu za Norwei. Takrolimusi, waliyokuwa wakiimeza Wabelgiji wa Leuven walipokuwa wakipanda, ilitoka kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani. Sirolimusi, kutoka udongo wa Kisiwa cha Pasaka. Dawa hizi humezwa kila siku kwa saa zile zile, siku ya mbio na siku ya kulala, na bili yao hurudi kila mwezi.