Mkanda wa saa umekatika? Saa ingali nzima

Katika nyumba nyingi za hapa Ndosho kuko saa ya mkono inayolala ndani ya droo. Ukiitazama, mishale ingali inatembea. Mkanda tu ndio ulikatika, ile braseleti kama tunavyozoea kuiita, na mwenyewe akaiweka pembeni akisema imekufa. Apana, haijafa. Kilichokatika kina bei ndogo kuliko saa yenyewe, na wewe unaweza kukibadilisha nyumbani kwa dakika kumi.

Kuko atakayesema: simu iko, saa ya nini? Sawa, lakini simu haiingii katika chumba cha Exetat. Na walio kwenye staji ya uuguzi wanajua kwamba kuhesabu pumzi za mtoto anayekohoa kunaomba dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 mpaka 11 akivuta pumzi 50 au zaidi kwa dakika, anapumua mbio. Kwa mwenye mwaka 1 mpaka miaka 5, ni pumzi 40 au zaidi. Utahesabu na nini kama umeme umekosa tangu juzi na simu imezimika?

Sasa tuone mkanda unashikwa na nini. Kila upande wa saa, juu kwenye 12 na chini kwenye 6, kuko masikio mawili ya chuma. Kati ya masikio kuko kijiti chembamba cha chuma, kilicho wazi ndani kama mrija. Ndani yake mnakaa resori inayosukuma ncha mbili kwenda inje, na kila ncha inaingia katika kitundu cha sikio. Ukibonyeza ncha moja, kijiti kinakuwa kifupi na mkanda unatoka. Ukiiachilia, inarudi kufunga. Siri yote ni hiyo.

Kabla ya kununua mkanda, pima. Chukua rula, pima nafasi iliyo kati ya masikio mawili, si upana wa mkanda wa zamani, maana ule unaweza kuwa umevutika. Saa nyingi za wanaume zina milimita 18, 20 au 22. Za wanawake mara nyingi ni 12, 14 au 16. Mkanda mpana kuliko nafasi utajikunja. Ulio mwembamba utacheza-cheza, na kucheza huko ndiko kunamaliza ncha za kijiti. Ukishuka Birere au soko la Virunga, beba saa yenyewe na kipande cha mkanda wa zamani, juu saa za plastiki kama Casio F-91W zina mkanda wenye umbo lake, hazikubali wowote ule.

Vyombo: sindano nene au kisu kidogo chenye ncha nyembamba, buroshi ya meno ya zamani, na kitambaa cheupe. Kazi yenyewe inaenda hivi:

1. Tandika kitambaa ndani ya sinia na ufanyie kazi humo. Nyumba zetu nyingi ni za mbao juu ya mawe ya volkano. Kijiti kikianguka kati ya mbao mbili, umekipoteza. Usiinamishe uso karibu sana, resori inaweza kurusha kijiti ndani ya jicho.

2. Lalisha saa, kioo chini. Ingiza ncha ya kisu kati ya mkanda na sikio, gusa kishingo cha kijiti, kisukume kuelekea katikati, kisha inua mkanda polepole. Kama sikio lina tundu linaloonekana kwa inje, sukuma kwa sindano kupitia humo.

3. Safisha masikio na vitundu kwa buroshi kavu. Vumbi nyeusi ya hapa kwetu ikichanganyika na jasho inasugua chuma kama msasa. Jaribu kijiti kwa vidole: kama kimepinda au ncha hairudi, weka kingine.

4. Kipande kifupi chenye kifungo cha chuma kinaenda upande wa 12. Kirefu chenye matundu kinaenda upande wa 6. Pitisha kijiti ndani ya mkanda, weka ncha moja katika kitundu chake, bonyeza ya pili, iteremshe mpaka usikie "tik".

5. Vuta mkanda kwa nguvu, saa ikiwa ingali juu ya sinia. Usiruke hatua hii. Kama ncha moja haikuingia vizuri, afazali ujue ukiwa nyumbani kuliko kujua ukiwa juu ya moto barabara ya Sake.

Gundi je? Gundi ya haraka inafanya mkanda kuwa mgumu, na utakatika tena palepale. Inaweza kuziba kijiti, na mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye kioo.

Kama mkanda wa kipimo chako haupatikani, kuko njia nyingine. Mwaka 1973 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza iliandika kanuni ya mkanda wa nailoni wa kipande kimoja, unaopita chini ya saa na kushikwa na vijiti vyote viwili. Uzuri wake ni huu: kijiti kimoja kikitoka, saa inabaki kwenye cha pili. Namna hiyo unaweza kushonesha hapa hapa. Chukua mkanda mwembamba wa mfuko wa shule wa zamani, usiozidi nafasi ya masikio. Choma miisho kidogo kwa mshumaa ili nyuzi zisifumuke, kisha peleka kwa mshonaji wa mtaani aweke kifungo. Ila hakikisha kwanza kama mkanda unaweza kupita kati ya kijiti na mwili wa saa.

Tulisoma resori shuleni, tukachora mshale wa nguvu na kuandika kanuni ubaoni. Hii hapa moja, na mwenye kuielewa anaweza kusaidia avenyu nzima kwa sindano moja na vijiti vichache ndani ya kiberiti. Kwa kijana anayesubiri kazi, hata hiyo ni pesa ya sabuni.

Basi fungua droo leo. Ukikuta mishale imesimama, toa betri kwanza: betri iliyokufa ikikaa ndani muda mrefu inavuja maji yanayokula mashine. Hapo ndipo saa inakufa kweli.