Joto Njo Bei ya Mwendo

Ndugu musomaji, wewe baba unayefanya kazi ku mugodi, wewe mama unayeuza ku soko, na wewe kijana unayelilia ordinatere kila siku ku nyumba: mwezi huu tuzungumuze juu ya kipande kidogo kinachokaa ndani ya sanduku la ordinatere. Kinaitwa prosesere. Njo chenye kufanya hesabu zote. Ukiandika barua, ukisikiliza wimbo, ukitafuta jina katika orodha, ni yeye anatumika.

Pengine utauliza: Pasta anajua nini katika mambo hayo? Ni kweli, ku shule ya Biblia hawakutufundisha. Nilijifunza kwa kosa langu mwenyewe, na kosa hilo nitakuambia kwanza.

KABATI YENYE KUFULI

Katika mwaka 2016 tulinunua ordinatere ya okazio kwa biro ya kanisa. Ndani yake tuliandika minervali ya watoto wa shule yetu ya sekondari: nani amelipa, nani bado. Kijana mumoja wa kwaya, aliyekuwa anasoma informatike, alikuwa anaitunza. Siku moja akaniambia: «Pasta, masini hii inalala. Uniache niibuste, itakimbia bila kutoa hata frank moja.» Nikafurahi. Nikamuambia: «Basi, fanya.»

Akafanya. Kwa juma mbili ilikimbia kweli. Kisha mwezi wa kumi ukafika, na wewe unajua joto la mwezi wa kumi mbele ya mvua kunyesha. Masini ikaanza kuzimika yenyewe. Siku moja ikazimika wakati ilipokuwa inaandika orodha ya minervali, na orodha ikaharibika. Kopi tuliyokuwa nayo ilikuwa ya mwaka wa shule uliopita.

Watoto waliokuwa wamelipa wakaonekana kama hawajalipa. Wengi walileta risiti zao. Lakini mama mumoja mujane hakupata ya kwake. Mutoto wake alirudishwa nyumbani, akakaa siku nne, mpaka tulipopata kitabu cha pili cha risiti chini ya makaratasi mengine. Mama yule alikuwa amelipa tangu mwezi wa tisa. Nilikwenda kwake kuomba radhi. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Lakini mutoto alikuwa amekosa enterro mbili, na mwalimu hakuzirudilia.

Wazee wa kanisa walimukasirikia kijana. Mimi vilevile. Kisha tukaita fundi kutoka Lubumbashi. Yeye hakuuliza juu ya kijana, aliangalia kabati. Maana juu ya wezi, mimi nilikuwa nimetengenezesha kabati ya mbao yenye kufuli, na masini ilikuwa inafanya kazi ndani, mulango umefungwa. Fundi akaingiza mukono, akautoa mbio. Akasema: «Pasta, masini hii mulikuwa munaipika.»

Kijana alikuwa ameongeza moto. Lakini mimi njo nilikuwa nimefunga chungu.

JOTO LINATOKA WAPI?

Ndani ya prosesere kuna vifungulio vidogo sana, mamilioni na hata mamiliari, vinavyofunguka na kufungika. Prosesere ya gigahezi 1 inapigiwa mapigo miliari moja katika segonde moja. Kila kifungulio kinapogeuka kinakula kuran kidogo, na kuran ile inageuka joto. Karibu kuran yote inayoingia katika prosesere inatoka kama joto.

Chukua prosesere ya wati 65, namna nyingi za siku hizi. Je, unakumbuka ampuli ya zamani ya wati 60? Nani aliweza kuishika ikiwaka? Sasa ampuli ile ni kubwa kama ngumi. Lakini pahali panapotoka joto la prosesere ni padogo kama ukucha wa kidole gumba. Ukiliacha joto pale bila njia, katika segonde chache tu litapita kipimo.

Maprosesere ya leo yanajilinda. Nyingi zimewekewa mupaka wa karibu degre 90 mpaka 100. Zikifika pale zinapunguza mwendo zenyewe. Joto likizidi tena, masini inazimika. Basi masini inayozimika yenyewe haina pepo wala haijalogwa. Inaomba hewa.

SHABA INABEBA MUZIGO

Hapa, ndugu wa mugodi, kazi yako inaingia. Njia ya joto kutoka prosesere inapita katika shaba. Kifuniko cha prosesere, mara nyingi, ni shaba iliyopakwa nikeli. Juu yake tunapaka pati laini, ili hewa isibaki katikati. Juu ya pati kunakaa radiatere, na zile nzuri zina bomba za shaba. Ndani ya bomba kuna maji kidogo sana, na hewa imetolewa. Joto linachemsha maji yale, mvuke unakimbia mpaka upande wa baridi, unageuka maji tena, unarudi. Hakuna pompe, vinatembea vyenyewe muchana na usiku. Kisha joto linapita katika mabati membamba ya aluminium, na vantilatere inalifukuza.

Juu ya nini shaba? Kwa sababu inapitisha joto zaidi ya mara moja na nusu kuliko aluminium. Aluminium ni nyepesi na bei yake ni ndogo, kwa hiyo inatumika ku mabati. Hata nyaya ndogo zilizo ndani ya prosesere ni za shaba: katika mwaka 1997 IBM ilitangaza namna ya kuziweka pahali pa zile za aluminium, na wengine wakafuata. Sisemi kwamba shaba ya kila masini ilitoka katika shimo letu. Lakini mutoto wako akikuuliza mawe unayochimba yanafanya kazi gani, muoneshe radiatere.

KUBUSTA: HISTORIA TATU

Vijana wanasema «kubusta»: kulazimisha prosesere kukimbia kupita mwendo ulioandikwa. Si uongo kwamba inawezekana. Sikiliza historia tatu.

Ya kwanza ni ya 1998. Intel iliuza prosesere ya bei ndogo, Celeron 300A, megahezi 300, kwa dola 149. Wakati uleule iliuza Pentium II ya megahezi 450 kwa dola 669. Watu wakaona kwamba Celeron ile inazidisha mapigo ya karte-mere mara 4 na nusu. Mapigo yalikuwa 66. Ukiyapandisha mpaka 100, unapata 450! Nyingi zilikubali bila shida. Habari ile ilienea pote, na tangu pale vijana wanafikiri kila prosesere inaficha zawadi.

Ya pili ni ya 2004. Intel ilikuwa inafuata gigahezi tu. Pentium 4 ilifika 3,8 na wati 115. Walitaka 4, lakini katika mwezi wa kumi wa mwaka ule wakaiacha. Katika 2006 wakaleta Core 2 Duo. Moja yake ilikuwa na gigahezi 2,4 na wati 65 tu, na ikaishinda ile Pentium 4. Namna gani? Kwa kila pigo moja ilifanya kazi nyingi zaidi, na ilikuwa na mioyo miwili. Basi mwenye kupiga hatua mingi si yeye anafika wa kwanza.

Ya tatu ni ya 2024. Maprosesere makubwa ya Intel ya mezani, ya kizazi cha 13 na cha 14, yalianza kukosea na kuzimika, hata kwa watu ambao hawakubusta. Intel ilieleza kwamba volti ilikuwa inapanda kupita kipimo. Ikatuma sahihisho, ikaongeza garanti miaka 2. Lakini prosesere iliyokwisha kuumia, sahihisho haikuiponyesha. Volti ikizidi inachakaza, na hauoni kitu mpaka siku inapokosea.

Volti njo jambo la kuogopa. Joto linapanda pamoja na mwendo, lakini linapanda na volti mara mbili. Ongeza mwendo 10 kwa mia, na volti 10 kwa mia: wati 100 zinakuwa karibu 133. Umepata mwendo wa 10, unalipa joto la 33. Mushahara gani unakubali hesabu kama hiyo?

KUPOZA NJO KUBUSTA

Kijana, usikate tamaa; kuna habari njema. Tangu karibu 2008 maprosesere yalianza kujipandisha mwendo yenyewe. Zikiona ziko baridi, na kuran ni ya kutosha, zinakimbia. Zikiona moto, zinapunguza. Basi yule anayepoza vizuri anapata mwendo wa bure, na yule anayepoza vibaya amelipia mwendo ambao hataupata. Fanya hivi:

Weka masini pahali penye hewa, mbali na chini na mbali na mulango wa vumbi. Ukiogopa wezi, funga mulango wa chumba, usifunge masini katika kabati.

Pangusa vumbi kila miezi mitatu, na wakati wa kiangazi kila mwezi. Zima, ondoa kamba ya kuran, shika vantilatere kwa kidole isizunguke, kisha pulizia. Vumbi letu jekundu linakamata sana katika mabati.

Badilisha pati ikiwa imekauka. Pangusa ile ya zamani na alkoli safi, weka mupya kama punje moja ya mahindi katikati, kisha kaza vizi pole pole, upande huu na upande ule. Pati mingi haisaidii.

Vantilatere ya mbele ivute hewa ndani, ya nyuma iitoe. Nimeona masini ambayo zote mbili zinapuliza ndani.

Na ukiwa na elimu ya kuingia katika bios, jaribu kupunguza pahali pa kuongeza. Masini mingi inakubali kuwekewa mupaka wa wati. Unapoteza mwendo kidogo, unapata baridi nyingi na makelele kidogo. Kwetu, pahali kuran inapanda na kushuka, njo akili.

KUCHAGUA KU SOKO

Muuzaji atakuambia: «Papa, hii ni i7!» Usilipe bado. Uliza i7 ya kizazi gani. Kwa masini ya Intel ya Core i, angalia namba baada ya kistari: i7-2600 ni kizazi cha 2, ya 2011, i7-12700 ni kizazi cha 12. Namba ya tarakimu tatu, kama i7-870, ni ya kizazi cha kwanza kabisa. Core i3-12100 ya 2022, yenye mioyo 4, inaishinda i7 ile ya zamani bila shida. Ili uone mwenyewe, washa masini, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, ufungue upande wa prosesere: jina lake lote linaandikwa.

Angalia herufi za mwisho vilevile. Kwa Intel, F maana yake haina picha ndani, utanunua karte ingine. K maana yake imefunguliwa kwa kubusta, na mutu asiyebusta analipa bure. Kwa AMD Ryzen za mezani, karibu zote zimefunguliwa. Ile yenye G, kama Ryzen 5 5600G, ina picha ndani. Kumbuka pia kwamba Windows 10 ilimaliza kusaidiwa katika mwezi wa kumi wa 2025, na Windows 11 inaomba, kwa kawaida, Intel ya kizazi cha 8 ao Ryzen ya 2000 na kupanda.

Kwa barua, hesabu na masomo, mioyo 4 inatosha. Kwa kijana anayetengeneza video, 6 ao 8. Lakini mbele ya kupanda bei ya prosesere, weka diski ya SSD na memwari ya giga 8 ao 16. Watu wengi wanalaumu prosesere, kumbe diski ya kuzunguka njo inachelewesha. Na falanga inayobaki, nunua ondulere, ili kuran ikikatika upate dakika za kuandika kazi yako na kuzima vizuri.

NENO KWA WAZAZI NA VIJANA

Kijana, ukitaka kubusta kwa kujifunza, sikukatazi. Chukua masini yako, ile isiyokuwa na kazi ya mutu mwingine ndani. Panda kidogo kidogo, pima joto, ijaribu kwa masaa mengi, na usiguse volti bila kujua kipimo. Lakini masini ya biro, ya shule, ya duka la mama, iache katika mwendo wake.

Mzazi, usiseme tu «mutoto ameharibu». Uliza kwanza masini inakaa wapi, na kopi ya kazi iko wapi. Sisi leo tuna kopi mbili: moja katika kile kidogo cha USB, ingine katika kitabu cha karatasi, na kila ijumaa zinalinganishwa.

Kijana yule wa kwaya njo alirudilia orodha yote ya minervali, jioni kwa jioni, kutoka risiti. Nilikaa naye, nikimusomea majina. Leo yeye ni fundi, na akiitwa mahali kwa masini inayozimika, anaanza kwa kutafuta kabati.