Mabingwa wa Mlimani: Rekodi Zilizotoka Nyeri na Nyahururu

Tarehe 30 Septemba 2001, Naoko Takahashi wa Japani alimaliza marathoni ya Berlin kwa saa 2:19:46. Hapakuwa na mwanamke aliyewahi kushuka chini ya saa 2 na dakika 20, na wengi waliamini rekodi hiyo ingekaa miaka. Ilikaa siku saba. Tarehe 7 Oktoba, huko Chicago, Catherine Ndereba wa Gatung'ang'a, Nyeri, alikata utepe kwa saa 2:18:47. Alipunguza sekunde 59 kwenye rekodi ambayo bado ilikuwa mpya kabisa.

Paula Radcliffe wa Uingereza aliivunja mwaka uliofuata, palepale Chicago. Hata hivyo, ukimpima Ndereba kwa saa ya mkononi peke yake, utamkosea heshima. Ukubwa wake uko Boston. Mwaka 2000 alikuwa Mkenya wa kwanza mwanamke kushinda mbio hizo, akamvua taji Fatuma Roba wa Ethiopia aliyekuwa amelivaa miaka mitatu mfululizo. Akarudia 2001, 2004 na 2005. Hakuna mwanamke mwingine aliyewahi kuzishinda mara nne kwa miguu yake. Boston ina vilima vinavyomngoja mkimbiaji baada ya kilomita 25, miguu ikiwa imeshachoka, na hapo ndipo Ndereba alipokuwa akianza kazi. Aliwaacha wenzake watangulie, kisha akawafuata mmoja mmoja bila papara. Kwangu mimi hiyo ndiyo rekodi kubwa kuliko zote zilizotoka Nyeri.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni kwamba mafanikio hayo yote yalikuja baada ya uzazi. Askari magereza huyu alikaa nje ya mashindano mwaka 1997 alipojifungua, na marathoni yake ya kwanza alikimbia mwaka 1999. Caroline Wozniacki wa Denmark, aliyewahi kuongoza orodha ya wanatenisi wa dunia kwa wiki 71, aliporudi uwanjani mwaka 2023 akiwa mama wa watoto wawili, magazeti yalimshangilia, na alistahili. Ndereba alikuwa ameonyesha njia hiyo zaidi ya miaka ishirini kabla, tena akarudi akiwa bora kuliko alivyoondoka.

Alitwaa ubingwa wa dunia Paris 2003 na tena Osaka 2007, mwanamke wa kwanza kuushinda mara mbili katika marathoni. Kwenye Olimpiki ya Athens 2004 alikosa dhahabu kwa sekunde 12 tu, nyuma ya Mizuki Noguchi. (Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, Wangari Maathai wa Ihithe alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika. Nyeri ilikuwa na mwaka wake!) Beijing 2008, akiwa na umri wa miaka 36, alimpita Zhou Chunxiu wa China kwa sekunde moja na kuchukua fedha nyingine. Kwa hiyo akawa Mkenya wa kwanza mwanamke kuwa na medali mbili za Olimpiki.

Wiki moja baadaye, katika jiji hilohilo, ilikuwa zamu ya Nyahururu. Samuel Wanjiru, miaka 21, aliikimbia marathoni ya joto kana kwamba hakuna joto, akaongeza kasi tangu mwanzo na kumaliza kwa saa 2:06:32. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Kenya katika marathoni ya Olimpiki. Rekodi ya Olimpiki ya Carlos Lopes ya mwaka 1984 ilipunguzwa kwa karibu dakika tatu. Wanjiru alifariki Mei 2011, akiwa kijana wa miaka 24, na inauma kuandika hivyo. Rekodi yake iliishi hadi Paris 2024, Tamirat Tola alipoipita kwa sekunde sita.

Nyeri ina pia Charles Kamathi, polisi aliyemaliza utawala wa Haile Gebrselassie katika mita 10,000 kwenye mashindano ya dunia ya Edmonton, 2001. Haile alikuwa ameshinda manne yaliyotangulia.

Nyahururu nayo ina Julius Kariuki. Seoul 1988 alishinda mbio za kuruka viunzi na maji kwa dakika 8:05.51, na muda huo ulibaki rekodi ya Olimpiki kwa miaka 28. Siku hizo hizo za Seoul, John Ngugi, ambaye alifanya mazoezi Nyahururu, alichomoka mapema katika mita 5,000 na hakukamatwa tena. Ngugi ndiye mwanamume wa kwanza kushinda mbio za nyika za dunia mara tano: nne mfululizo kuanzia 1986, na ya tano mwaka 1992. Timu yake ya taifa ilijinoa upande wa pili wa Mlima Kenya, katika chuo cha ualimu cha Kigari, Embu, na kuanzia 1986 wanaume wa Kenya walichukua ubingwa wa timu miaka 18 mfululizo.