Uwanja Mnaouchezea Ulitengwa kwa Ajili Gani?

Mabati yakianza kuzungushwa uwanja wa mtaa, viongozi wa klabu hushika hoja moja: hapa tumecheza tangu enzi za babu zetu. Hoja hiyo inagusa moyo, na mimi ninaiheshimu. Mahakamani, hata hivyo, mara nyingi haifiki mbali.

Sheria ya Kenya humruhusu mtu aliyekalia ardhi ya mwingine kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila idhini, kudai aandikishwe kuwa mwenyewe. Klabu nyingi hukwama kwenye hilo sharti la idhini. Uwanja walipewa kwa wema: mwenye shamba aliwaambia vijana chezeni, au kiwanda kiliwaachia wafanyakazi wake kiwanja kilichokuwa kitupu. Aliyekaribishwa hubaki mgeni, hata akiota mvi. Na kama ardhi ni ya umma, dai la miaka 12 halipo kabisa.

Ajabu ni kwamba kwenye ardhi hiyo ya umma ndiko kuliko na tumaini kubwa. Viwanja vingi viliachwa wazi kwenye ramani za mipango miji, kisha vikamegwa na kugawiwa watu binafsi. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza migao haramu ya ardhi ya umma, ilianika uchafu huo katika ripoti yake ya 2004. Kwa muda mrefu mnunuzi wa ardhi kama hiyo alijikinga kwa kusema alinunua kwa nia njema na hatimiliki anayo. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliivunja kinga hiyo katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kilichobishaniwa kiko ufukweni Nyali. Kilikuwa kimetengwa kuwa eneo la wazi, kikagawiwa 1989, kisha kikauzwa na kuuzwa tena. Majaji walisema mgao ule wa kwanza haukufuata sheria, hivyo walionunua baadaye hawakupata haki yoyote, na Ibara ya 40 ya Katiba hailindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Uamuzi ulihusu ufuo, lakini hoja yake inauingia uwanja wa mpira moja kwa moja.

Basi klabu ianze kwa kuuliza ardhi ilitengwa kwa kazi gani. Jibu limo kwenye ramani iliyoidhinishwa ya mpango wa eneo, ramani ya upimaji na faili la mgao. Msiishie kukagua rejista ya ardhi: itawaonyesha jina la mwenye hati leo, wala haitawaambia aliipataje.

Usajili wa klabu nao uwe sawa. Klabu isiyo na nafsi ya kisheria haimiliki ardhi wala haishtaki kwa jina lake. Husimamiwa na viongozi au wadhamini wake, nao wawe wamechaguliwa kihalali, la sivyo upande wa pili utaanzia hapo.

Kisha kuna muda. Sheria ya Ardhi, ilivyorekebishwa 2016, inataka ilani ya maandishi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuwaondoa wanaodaiwa kukalia ardhi bila haki, na aliyepewa ilani anaweza kuipinga mahakamani. Tingatinga likija bila ilani, nendeni Mahakama ya Mazingira na Ardhi siku hiyohiyo kuomba zuio la muda.

Jaji atapima ombi lenu kwa vigezo vya kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973: kesi yenye dalili ya kufaulu, madhara yasiyolipika kwa fidia, na, shaka ikibaki, nani ataumia zaidi. Kigezo cha pili ndicho nguvu ya klabu. Uwanja pekee wa mtaa ukishachimbwa misingi, hakuna hundi itakayourudisha. Msiliache hilo kuwa maneno matupu. Hati ya kiapo ya ombi iambatane na ratiba za mechi, orodha za timu za watoto, picha za miaka iliyopita, na umbali wa kwenda uwanja mwingine ulio karibu.