Maji ya Kufulia Yasimwagwe Ovyo

Katika sehemu kame kama Dodoma, ambako mvua hunyesha msimu mmoja tu, takribani Desemba hadi Aprili, ndoo ya maji ni jasho la mama na watoto. Hata hivyo, tukishafua au kuoga tunayamwaga maji hayo uani, yanatuama na kuzalisha mbu. Kumbe yangeweza kunywesha mpapai au mgomba.

Kwanza tutofautishe. Tunazungumzia maji ya kuogea, kunawia na kufulia. Maji ya chooni hayamo kabisa. Hali kadhalika maji yaliyofulia nepi za mtoto au nguo za mgonjwa wa kuhara: hayo yana vijidudu vingi, yamwagwe chooni. Maji ya kuoshea vyombo yana mafuta yanayoziba mchujo, tuyaache.

Jinsi ya kuchuja

Tuchukue ndoo kuukuu, tuitoboe matundu madogo chini. Ndani tutandike kokoto, kisha changarawe, na juu yake mchanga uliooshwa vizuri. Mdomoni tufunge kitambaa cha kunasa nyuzi na nywele. Maji yamiminwe polepole, yakingwe chini. Kitambaa kifuliwe mara kwa mara, na mchanga wa juu ubadilishwe unapoanza kuziba.

Tahadhari

Mchujo huu hupunguza taka, lakini hauui vijidudu vyote. Maji yakionekana maangavu, bado si ya kunywa, kupikia wala kuoshea vyombo. Kwa hiyo:

1. Yatumike siku ile ile. Yakilala huoza na kunuka.

2. Yamwagwe kwenye kishimo kuzunguka mti, kilichofunikwa kwa majani makavu. Yakituama, tupunguze kiasi.

3. Yasimwagiliwe mboga zinazoliwa mbichi, kama nyanya na karoti.

4. Sabuni ya unga huacha chumvichumvi udongoni. Tuitumie kwa kiasi, na tubadilishe miti. Maji yenye dawa ya kung'arisha nguo yasitumike.

5. Baada ya kazi hiyo tunawe mikono kwa sabuni na maji safi.

Familia inayofua mara tatu kwa wiki, ikapata kila mara ndoo mbili za lita 20, ina lita 120 za kumwagilia miti. Hizo ni ndoo sita ambazo mama hatazifuata kisimani.