Je, Wajua? Lupasi, Malaria na Kimelea cha Nzi

Mtu wa Rongo, Kaunti ya Migori, akianza kuumwa viungo, homa ikawa inapanda na kushuka, nywele zikamtoka, kwanza atapimwa malaria. Isipoonekana, atapimwa homa ya matumbo. Akizidi kukonda, majirani huanza kunong'ona habari za chira, maradhi ambayo Wajaluo huyahusisha na kuvunja miiko. Lupasi, ugonjwa wa mwili kujishambulia wenyewe, hufikiriwa mwisho. Kipimo chake cha kwanza, ANA, mara nyingi hudai damu isafirishwe hadi maabara kubwa mjini, na majibu yakirudi yameandikwa "chanya", nyumba nzima hulia.

Wengine hulia bure. Je, wajua kwamba unaweza kuwa na ANA na usiugue lupasi maisha yako yote? ANA ni kundi la kingamwili ambazo, badala ya kukabili vijidudu, hushika vitu vilivyomo ndani ya kiini cha seli za mwili wenyewe. Zaidi ya wagonjwa 95 wa lupasi kati ya 100 wanazo. Lakini utafiti wa maabara kadhaa za kimataifa, uliochapishwa mwaka 1997, ulipima watu wenye afya njema: damu ilipozimuliwa mara 40, takriban 30 kati ya 100 walikuwa chanya, ilipozimuliwa mara 160, walibaki 5. Malaria na kifua kikuu pia huweza kuziamsha kingamwili hizi. ANA ni hodi tu: inakuambia kuna mtu mlangoni, haikuambii ni nani. Kwa maoni yangu, kuipima kwa mtu asiye na dalili yoyote ni kununua wasiwasi kwa bei ghali.

Je, wajua damu hiyo humwagiwa juu ya nini? Juu ya kigae chenye seli za binadamu ziitwazo HEp-2, kisha hutazamwa kwa hadubini maalumu kuona kama viini vinang'aa kijani. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba seli hizo zilitoka kwenye saratani ya koromeo. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba zilikwisha kuvamiwa na seli za Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyefariki Baltimore mwezi Oktoba 1951, ambaye seli zake zilichukuliwa bila idhini yake na hazijaacha kuzaana mpaka leo.

Kipimo kinachofuata kina ajabu ya karibu zaidi na nyumbani. Kingamwili inayoshika DNA ya nyuzi mbili haipatikani ovyo kwa watu wazima wenye afya, kwa hiyo ikionekana kwa wingi daktari hukaa wima. Tangu mwaka 1975 njia moja ya kuitafuta imekuwa kutumia Crithidia luciliae, kimelea cha seli moja kinachoishi tumboni mwa nzi na kisichomdhuru binadamu. Ndani yake mna kifuko kidogo kilichojaa DNA tupu, bila protini zinazochanganya majibu. Kifuko kiking'aa, jibu limepatikana. Kimelea hiki ni ndugu wa vimelea vya malale, vile vilivyosumbua watu na ng'ombe katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, hadi vichaka vikafyekwa kupambana na mbung'o. Sehemu ya bonde hilo leo ni Mbuga ya Kitaifa ya Ruma. Ukoo ule ule, kazi tofauti kabisa.

Na malaria? Hapa pana kisa kirefu. Mwaka 1968 daktari Mwingereza, Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Ibadan, Nigeria, aliandika kwamba maradhi ya mwili kujishambulia yalikuwa adimu mno wodini mwake, akauliza kama vimelea, hasa vya malaria, ndivyo vinavyoyazuia. Miaka miwili baadaye, yeye na wenzake waliwaambukiza malaria panya wa aina inayozaliwa na mwelekeo wa lupasi. Ugonjwa wa figo ukapungua. Wengine walijibu kwamba Afrika haikukosa lupasi bali ilikosa vipimo, nami naona hoja hiyo ina uzito, maana ugonjwa usiopimwa hauhesabiwi.

Kisha ikaja zamu ya Kenya. Mwaka 2010 watafiti wa Kilifi na Cambridge, pamoja na wenzao, walichapisha habari za jeni iitwayo FCGR2B, ambayo hutengeneza breki ya seli za kinga. Watoto wa Kenya waliorithi aina legevu ya breki hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili walikuwa na hatari ndogo ya kupata malaria kali. Aina hiyo hiyo huongeza uwezekano wa lupasi. Kinga kali inayomwokoa mtoto kandokando ya ziwa au pwani yaweza kumgeukia akiwa mtu mzima. Na kama vile haya hayatoshi, dawa ambayo karibu kila mgonjwa wa lupasi hupewa ni haidroksiklorokwini, ndugu wa klorokwini tuliyoimeza zamani mpaka tukawashwa mwili mzima. Safari hiyo ya dawa za malaria kutibu lupasi ilianza London mwaka 1894, daktari Payne alipowapa kwinini wagonjwa wa lupasi ya ngozi.

Kidogo kuhusu majina. Kingamwili inayoitwa Sm imepewa jina la mgonjwa, Stephanie Smith, ambaye damu yake ilichunguzwa New York na madaktari Tan na Kunkel. Waliitangaza mwaka 1966. Alifariki akiwa na miaka 22. Sm hupatikana kwa wagonjwa wachache tu, na kwa watu wenye asili ya Afrika zaidi kuliko Wazungu, lakini ikiwapo ni nadra kuwa ni ugonjwa mwingine.

Ro nayo imetokana na herufi mbili za jina la mgonjwa. Mwenye Ro mara nyingi hudhuriwa na jua, na Rongo iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta: kupalilia miwa saa saba mchana kwaweza kumwamshia vipele na uchovu wa siku kadhaa. (Vipele vya mashavuni, kwenye ngozi nyeusi, mara nyingi huwa vyeusi zaidi au vya zambarau, picha nyekundu za vitabuni zimewapotosha wengi.) Ro pia hupita kwenye kondo la nyuma. Kwa mama 1 au 2 kati ya 100 wenye kingamwili hiyo, mtoto hupata hitilafu ya njia za umeme wa moyo na mapigo yake huwa ya polepole, kwa kawaida kati ya wiki ya 18 na ya 26 ya mimba. Mtoto akizaliwa na vipele, hufifia kingamwili za mama zikiisha mwilini mwake. Lakini njia hizo za moyo zikishazibika kabisa, hazifunguki tena.

Je, wajua kwamba moyo wa ng'ombe uliwahi kuwasingizia watu kaswende? Vipimo vya kaswende vya VDRL na RPR hutumia kadiolipini, mafuta yaliyotengwa kwanza kutoka kwenye moyo wa ng'ombe na Mary Pangborn mwaka 1941. Wapo wagonjwa wa lupasi wenye kingamwili zinazoshika mafuta hayo, na kipimo kikasema kaswende wakati haipo. Ndoa ngapi zimetikiswa hivyo, hakuna aliyehesabu. Kingamwili hizo zina vituko: ndani ya chupa ya maabara huchelewesha damu kuganda, ndani ya mwili huigandisha. Mwanamke anayeharibikiwa mimba mara kwa mara, au kijana aliyepata kiharusi, anastahili kupimwa.

Kuna lupasi inayoletwa na dawa. Isoniazidi, wanayopewa watu wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi katika kaunti za Migori na Homa Bay ili wasipate kifua kikuu, mara chache huzusha kingamwili dhidi ya histoni pamoja na maumivu ya viungo. Daktari akiisimamisha, dalili huondoka. Asiisimamishe mgonjwa mwenyewe.

Kingamwili zaweza pia kuutangulia ugonjwa. Jeshi la Marekani huhifadhi damu ya askari wake kwa miaka mingi. Mwaka 2003 watafiti walifungua akiba ya askari 130 waliokuja kuugua lupasi: 115 walikuwa na kingamwili za lupasi kabla ya kutambuliwa ugonjwa, mmoja wao zaidi ya miaka tisa kabla.

Kwa aliyekwisha kuthibitishwa, hakuna haja ya kurudia ANA kila kliniki, maana haifuati ukali wa ugonjwa. Inayofuatwa ni ile ya DNA: ikipanda huku protini za kinga za C3 na C4 zikishuka, figo huenda zimeanza kushambuliwa kabla mgonjwa hajahisi lolote. Wakati huo kinachotakiwa ni kijiti cha kupimia mkojo, kile kile cha kliniki ya wajawazito, kuona kama protini inavuja.